Kuku Waliodonoa Misumari

Kila asubuhi Mshale aliamshwa na kelele za kuku wasiokuwa wa mtu. Kisiwa chao kilijaa kuku hao. Walikaa juu ya mapaa, walilala chini ya magari, na walivuka barabara taratibu huku madereva wakipiga honi hadi wakachoka. Hospitalini walipanga foleni pamoja na wagonjwa. Shuleni, kuku mmoja mwekundu alitaga ndani ya droo ya mwalimu wa hesabu, naye mwalimu akasema kwamba angalau darasani kuna mmoja anayeleta kazi yake kwa wakati. Hakuna aliyewafuga wala aliyejua hasa walianza lini. Watu waliwaita "wananchi", kwa sababu walipita popote walipotaka bila kumwomba mtu ruhusa.

Mshale alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na wenzake uwanjani kwa ajili ya mbio zake, na mwishowe hata mama yake akalizoea. Akishaamka alinawa uso, akachukua fagio na kwenda kwenye banda lililokuwa nyuma ya nyumba. Humo waliishi kuku wa namna nyingine kabisa. Alifagia kinyesi, akaokota mayai machache yaliyotagwa, akabeba ndoo hadi bombani mwisho wa kichochoro na kurudi kukijaza chombo cha maji. Kisha akaenda shule. Alasiri, akirudi tu, kabla hata hajavua sare, ilimpasa kujaza maji tena, maana jua la mchana lilikuwa kali na kuku hao walikunywa sana.

Walikuwa wametoka shamba la mayai lililokuwa mlimani, juu ya mji. Baba yake alifanya kazi huko kwa miaka mingi. Shamba lilipofungwa, alirudi nyumbani jioni moja na makasha matatu juu ya mkokoteni. Hakusalimia mtu. Alifungua makasha uani, akawatoa kuku mmoja mmoja, akawaweka chini polepole kama mtu anayepanga vikombe vya udongo.

Mshale alikuwa hajawahi kuona kuku wa aina ile. Walikuwa wamenyonyoka manyoya shingoni na mgongoni. Vishungi vyao vilipauka na kulala upande. Ncha za midomo yao zilikuwa zimekatwa, na kucha zao zilikuwa ndefu hata walitembea kama watu waliovaa viatu visivyo vyao. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hawakutawanyika. Ua ulikuwa mpana, lakini walisimama wamebanana mahali pamoja, safu mbili, kana kwamba vizimba vya huko walikotoka vingali vimewazunguka.

Jirani yao, fundi cherehani aliyeitwa Bi Pindo, alichungulia juu ya uzio. "Jirani, hawa ndio wastaafu?" aliuliza. "Wanaonekana wanangoja kuitwa majina!"

Mama alicheka, na Mshale akacheka. Baba hakucheka.

Aliwaswaga hadi bandani, na katikati alikuwa amewawekea chombo kikubwa cha maji, kimejaa hadi ukingoni. Hakuna kuku aliyekitazama. Wote walikwenda moja kwa moja ukutani na kuanza kudonoa vichwa vya misumari. Tik. Tik. Tik.

"Baba, hawa wana wazimu?" Mshale aliuliza.

"Hawana wazimu," Baba alisema. "Kule wamezoea kunywa kwenye chuchu za chuma zilizo kwenye bomba. Ukidonoa, tone linashuka. Wanaona msumari, wanadhani ni maji."

Baada ya kusema hivyo alitoka, akaenda kusimama nyuma ya choo, na akakaa huko muda mrefu. Ikabidi Mama awashike kuku mmoja baada ya mwingine, achovye midomo yao kwenye maji ili wajifunze.

Tangu siku ile, kila jioni Baba alipotoka kwenye kazi yake mpya ya kupakia saruji ghalani, kabla hajavua viatu wala kuuliza habari za nyumbani, aliuliza neno moja.

"Maji?"

Na Mshale alijibu, "Yapo."

Hapo tu ndipo mabega ya Baba yaliposhuka.

Miezi ikapita. Manyoya yakaanza kuota. Kuku mmoja, ambaye mdomo wake ulikatwa zaidi ya wenzake, akawa rafiki mkubwa wa Mshale. Walimwita Kibogoyo. Alimfuata Mshale nyuma nyuma wakati wa kufagia, na Mshale akikaa chini, yeye alipanda juu ya mguu wake na kujikunja kama paka. Lakini hata Kibogoyo, ambaye sasa alijua vizuri chombo cha maji kilipo, mara nyingine alisimama mbele ya msumari fulani wa ukutani na kuutazama.

Kisha shule ikatangaza kwamba itachagua timu ya mpira wa pete. Mazoezi yalikuwa kila siku baada ya masomo. Mshale alikuwa akiutamani mchezo huo tangu alipokuwa mdogo wa kuokota mipira ya wakubwa. Siku za kwanza alijitahidi. Alicheza kidogo, akakimbia nyumbani, akapanga foleni bombani, akajaza maji, kisha akarudi uwanjani akihema. Lakini kila aliporudi alikuta wenzake wamekwisha kugawanywa, na mwalimu wa michezo akimwambia asubiri pembeni.

Siku moja hakwenda nyumbani. Alijiambia kuwa maji ya asubuhi yatakuwa bado yapo.

Jioni alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia sauti ya Baba kutoka bandani.

"Mshale! Maji?"

"Yapo!" alijibu. Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

"Njoo uone."

Chombo kilikuwa kikavu. Kuku walikuwa wamekizunguka wakidonoa chini yake. Mshale angeweza kusema kweli wakati ule. Angekemewa kidogo, na mambo yangekwisha. Lakini juu ya uzio alikuwa amesimama jogoo mmoja wa wananchi, mkubwa, mwenye mkia kama moshi, akiwatazama.

"Nilijaza, Baba," alisema. "Nafikiri ni wale wananchi. Wanapenya hapa chini. Wamekunywa yote."

Baba alimtazama jogoo, akamtazama mwanawe. Alikuwa hajawahi kupata sababu ya kutomwamini. "Basi si kosa lako," alisema, akamshika kichwani. Mkono ule ulikuwa mzito kuliko kofi.

Siku yake ya mapumziko, Baba alileta mabati ya zamani na kuyapigilia kuzunguka banda zima, kuanzia chini hadi karibu na paa, wananchi wasipate hata tundu la kupenyeza mdomo. Bi Pindo aliacha cherehani yake na kuja kuangalia.

"Jirani, unafuga kuku au unaoka mikate? Humo ndani si patakuwa tanuri?"

"Heri joto kuliko kiu," Baba alijibu bila kugeuka.

Mshale alikuwa ameshika kopo la misumari. Alimpa baba yake msumari mmoja, kisha mwingine.

Siku ya uchaguzi wa timu ilikuwa ya joto kali. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Wananchi wenyewe waliacha kuzurura na kulala kivulini chini ya madawati ya shule. Mwalimu wa michezo alisema atakayeondoka kabla ya mwisho asihesabu kuwa yumo. Mshale alibaki. Alikimbia siku ile kuliko siku zote, aliruka, alitupia, na jina lake lilipotajwa wenzake walimbeba juu juu. Alirudi nyumbani akiimba peke yake kichochoroni.

Alipofika uani aliacha kuimba.

Banda lilikuwa kimya. Kwa kawaida kuku walisikia nyayo zake wakaanza kulalama kwa njaa. Alifungua mlango na joto likampiga usoni. Kuku walikuwa wamekaa wametanua mabawa, midomo wazi, wakihema kwa haraka haraka. Chombo cha maji kilikuwa kikavu na kina vumbi. Kibogoyo alikuwa amelala chini ya ukuta. Mdomo wake mfupi ulikuwa umegusa kichwa cha msumari. Mshale alimwita. Alimwinua, na shingo ikaning'inia.

Alikimbia bombani na ndoo mbili. Waliokuwa kwenye foleni walimpisha bila kuuliza, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa. Alijaza chombo, akamwaga maji sakafuni, akawachovya kuku midomo kama Mama alivyofanya siku ya kwanza. Walikunywa, na wakaanza kupata nafuu mmoja mmoja. Ila Kibogoyo.

Baba alimkuta akiwa amepiga magoti bandani.

"Maji?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa chini.

Chombo kilikuwa kimejaa, na Mshale akakitazama. Alimtazama Kibogoyo. Alijua kwamba safari hii si suala la kukemewa kidogo.

"Yalikuwepo, Baba," alisema. "Tangu saa nane."

Baba alichuchumaa. Alichovya kidole ndani ya maji, akakitoa, akakitazama kidole chenye unyevu kana kwamba haamini macho yake. Kisha akauona msumari, na ukuta uliochimbwachimbwa kuuzunguka. Alikaa vile mpaka Mama alipokuja kumwita mara mbili.

"Amekufa kwa kiu," alisema mwishowe. "Na maji yapo."

Tangu hapo nyumba yao ikawa kama ina mtu mwingine ndani yake asiyeonekana.

Baba alizika kuku yule nyuma ya nyumba, akaanza kuamka usiku mara kwa mara kwenda kugusa maji. Akikaa kula, mara aliinua mkono na kusema, "Hamsikii?" Mama na Mshale walitega sikio na kusikia wananchi tu barabarani. "Wanadonoa," Baba alisema. "Tik, tik. Hamsikii?" Chakula chake kikapoa mbele yake.

Mshale naye akaanza kusikia. Chaki ilipogonga ubaoni, tik, alimwona Kibogoyo. Cherehani ya Bi Pindo ilipoanza kushona, alitoka uani. Uwanjani alipokea mpira na kuuachia, kwa sababu mahali fulani mtu alikuwa akigonga chuma. "Mshale, umekuwa rungu siku hizi?" wenzake walimtania. Maji sasa aliyajaza mapema, tena mara tatu kwa siku, lakini hilo halikusaidia kitu.

Alasiri moja alimsikia Mama akizungumza na Bi Pindo kwenye uzio. Mama alikuwa ametoka kufua mashuka ya hospitali na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji.

"Anataka kuwaachia kuku wote," Mama alisema. "Anasema hawako salama mikononi mwake. Anasema kuna kitu cha kule mlimani kimemfuata hadi hapa, wala hasemi ni kitu gani."

"Mungu wangu! Wakiachiwa si wataliwa na mbwa siku hiyo hiyo? Wale hata gari hawalijui."

"Nimemwambia. Hasikii. Na sasa akitoka kazini harudi moja kwa moja. Sijui anakwenda wapi. Namwogopea, shoga yangu. Ananitazama kama mtu aliye ng'ambo ya kioo."

Mshale alisimama nyuma ya kamba ya nguo. Alikuwa amedhani uongo wake umekwisha siku ile ile, kwamba umezikwa pamoja na Kibogoyo. Kumbe ulikuwa ukitembea.

Kesho yake hakwenda mazoezini. Alimsubiri Baba karibu na lango la ghala la saruji, akamwona akitoka, mweupe kwa vumbi, akishika njia ya mlimani. Alimfuata kwa mbali. Njia ilipita kwenye nyasi ndefu. Wananchi waliinua vichwa, wakamtazama akipita, wakarudi kuchakura.

Mabanda mawili marefu yalikuwa bado yamesimama. Mabati yake yalikuwa yameshika kutu, na milango ilikuwa wazi. Baba aliingia banda la pili. Mshale alisogea na kuchungulia.

Ndani mlikuwa na vizimba, safu juu ya safu, kutoka mlangoni hadi mwisho ambako mwanga ulikuwa hafifu. Vyote vilikuwa tupu. Manyoya ya zamani yalikuwa yameng'ang'ania kwenye nyaya. Wananchi walikuwa wamehamia humo. Walikaa juu kwenye boriti, kimya, wakiangalia chini. Na Baba alikuwa akitembea kando ya bomba la maji lililokauka, akigusa kila chuchu ya chuma kwa kidole chake. Tik. Akasogea hatua moja. Tik.

"Na wewe," alisema kwa sauti ndogo mbele ya kizimba kitupu. "Na wewe. Na wewe."

Mshale alitaka kukimbia, na kwa mbio zake angekuwa chini ya mlima kabla Baba hajageuka. Lakini ile sauti ilikuwa ya baba yake, mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na alikuwa akiomba radhi kwa jambo ambalo nusu yake haikuwa kosa lake.

"Baba," aliita.

Baba alishtuka hata akagonga kichwa kwenye chuma. Boriti zote zilijaa mabawa. Vumbi lilishuka. "Nani? Mshale? Umefuata nini huku?"

"Baba, maji hayakuwepo."

"Unasemaje?"

"Siku ile Kibogoyo alipokufa. Maji hayakuwepo. Nilibaki uwanjani. Nilirudi nikakuta chombo kikavu na ameshakufa, ndipo nikajaza. Nilikudanganya." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakunyamaza, maana alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. "Na ile siku ya kwanza pia. Wananchi hawakunywa kitu. Sikujaza. Ukaweka mabati kwa sababu yangu, na banda likawa la moto kwa sababu yangu. Hakuna kilichokufuata, Baba. Ni mimi."

Baba alivuta kasha lililopinduliwa, akalikalia.

"Rudia," alisema. "Maji hayakuwepo?"

"Hayakuwepo."

"Chombo kilikuwa kikavu."

"Kikavu kabisa."

Baba aliziba uso kwa viganja vyake vyenye saruji. Mshale alidhani analia, kisha akadhani anacheka, na huenda yote mawili yalikuwa kweli. Alipoondoa mikono, macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi yalimtazama mwanawe hasa.

"Basi sijachanganyikiwa," alisema.

Kisha hasira ikampanda. Alisimama. "Unajua nimekuwa nikijiuliza nini kila nikiyashika maji yale? Unajua nilidhani mikono yangu ndiyo yenye kasoro? Nilikuwa naogopa hata kumpa mama yako kikombe cha chai!" Sauti yake ilijaa banda zima ikarudi. Mshale alisimama pale pale, akaipokea yote. Hakusema "lakini". Hakutaja foleni ya bomba wala mwalimu wa michezo.

Hasira ilipopungua, Baba alikaa tena na kumwonyesha nafasi kando yake.

"Nitakwambia jambo ambalo hata mama yako sijamwambia," alisema. "Pampu ya banda hili iliharibika siku za mwisho mwisho. Msimamizi akatuambia twende nyumbani, fundi atakuja. Usiku sikupata usingizi, nikampigia simu. Nikamuuliza, maji? Akanijibu, yapo. Nikalala. Siku iliyofuata nikampigia tena. Maji? Yapo, kalale. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini? Nilipokuja mwenyewe..." Alitazama safu za vizimba. "Ilikuwa kimya hapa, mwanangu. Kimya kabisa, isipokuwa wachache kule mwisho waliokuwa bado wanadonoa. Hao ndio niliowaleta nyumbani."

Mshale hakuweza kuinua kichwa. Sasa alielewa kwa nini baba yake alikuwa akiuliza neno moja kila jioni.

"Uongo wako haukuwa mkubwa kuliko wa watoto wengine," Baba alisema. "Kila mtoto amewahi kusema amefanya kazi ambayo hakuifanya. Lakini mtu anayedanganya hajui uongo wake utamkuta mwenzake ana kidonda wapi. Wewe ulificha kitu kidogo. Mimi nikapajaza pale palipokosa ukweli kwa hofu zangu zote. Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningegomba, tukala, tukalala. Ungeniambia mazoezi na bomba vinakubana, ningechota mimi asubuhi ndoo mbili zaidi. Neno la kweli lingetugharimu dakika tano."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Ila Kibogoyo hatuwezi kumwomba." Akasimama, akajikung'uta suruali. "Twende. Mama yako atadhani tumehama."

Waliteremka pamoja. Baba hakugeuka nyuma kutazama mabanda, lakini Mshale aligeuka mara moja, akawaona wananchi wakirudi mmoja mmoja kwenye boriti zao.

Nyumbani Mshale alirudia yote mbele ya Mama. Ilikuwa ngumu mara ya pili kama mara ya kwanza. Mama alimsikiliza akiwa amesimama, kisanduku cha sabuni mkononi.

"Mechi ya kwanza hutacheza," alisema. "Utakwenda kwa mwalimu wako wewe mwenyewe, umweleze kwa nini. Hutasema unaumwa. Hutasema una kazi nyumbani. Utasema lililo kweli, hata kama wenzako watacheka."

"Ndiyo, Mama."

"Na mabati yale yatolewe kabla jua halijatua. Bi Pindo amenichosha na habari za mikate."

Waliyang'oa wote watatu. Bi Pindo alikuja na koleo lake akasaidia, akiuliza maswali ambayo hakuna aliyeyajibu. Upepo ulipoingia bandani, kuku walisimama wakatikisa mabawa. Baba alitandaza turubai juu upande wa jua, akaongeza chombo cha pili cha maji, kisha akapita ukuta mzima akipigilia vipande vya mbao juu ya vichwa vya misumari, mpaka hakukuwa na hata kimoja kilichong'aa.

Mshale alimweleza mwalimu wa michezo. Wenzake walicheka, kisha wakasahau. Mechi ya kwanza Mshale aliitazama pamoja na Mama kutoka pembeni, timu ikashindwa, na mtu mmoja nyuma yao akasema angekuwepo yule mwepesi wangeshinda. Mshale aliendelea kutazama.

Baba hakupona kwa siku moja. Zipo jioni alizosimama ghafla uani, kichwa upande, akisikiliza. Lakini sasa alimwuliza Mshale waziwazi, "Kuna kitu, au ni mimi?" Na Mshale alimjibu kweli, mara nyingine "Ni wewe, Baba," na mara nyingine, "Hapana, ni Bi Pindo anashona."

Wiki kadhaa baadaye, alasiri moja ya joto, Mshale alirudi kutoka mazoezini akamkuta Baba uani kwenye kiti cha mbao, amevua viatu, kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi. Alikuwa amelala usingizi mzito, anakoroma. Kuku walikuwa wametawanyika ua mzima, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja akichakura mahali pake. Kuku mmoja wa wananchi alikuwa amepita chini ya uzio na vifaranga wake, na vifaranga wawili walikuwa wakipanda juu ya miguu ya Baba kwa zamu na kuteleza.

Mshale alitaka kuwafukuza. Mama, aliyekuwa mlangoni, alimzuia kwa mkono.

"Waache," alinong'ona. "Muda mrefu hajalala hivi."

Wakakaa kizingitini wote wawili, wakimsikiliza Baba akikoroma.